Neno Nililomnyima Nestor

Kazi ile ilinipasa niikatae. Mwalimu Issa aliponiita pembeni, cherehani zikipiga kelele upande wa pili wa ukuta, akaniambia, "Hamisi, wewe Kiswahili umezaliwa nacho. Karatasi ya Nestor uipitie kabla hajaileta kwangu. Neno ambalo hakulielewa, mwambie," ningemjibu kwamba nafasi ya kwenda kusoma Kigoma ni moja, kwamba na mimi naitaka, na kwamba si vizuri mtu kushikishwa mizani ya kupimia mzigo wake na wa mwenzake. Angenielewa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuelewa. Badala yake nilisema, "Ndiyo, Mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyepewa heshima, nikatoka kifua mbele. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ni umri mkubwa kwa mwanafunzi wa sekondari, lakini ule ulikuwa mwaka wa pili wa vita, shule za Bujumbura zilifungwa siku nyingi kuliko zilivyofunguliwa, na wengi wetu tulikuwa tunazeeka kwenye dawati lile lile.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika mama. Nestor si Mwislamu na hakuswali nasi, lakini mbao zilizofunika mwanandani ni yeye aliyezikata, asubuhi, katika karakana yake kule mtaa wa Cibitoke, akazipiga randa moja moja kana kwamba zinakwenda kuonekana na watu. Mzee aliyekuwa ndani ya kaburi akizipokea alisema hajawahi kushika mbao zinazolaliana vile. Tuliporudi nyumbani, mtaa wa Jabe, Bujumbura, watu waliokuja kutoa pole walinipita mimi pale mlangoni, wakaenda moja kwa moja kwa Nestor, wakamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, Nestor. Mama yako ametuacha." Kisha mmoja alinigeukia kwa adabu, akaniuliza nimefika lini kutoka Kigoma na kama safari ilikuwa njema. Sikukasirika. Nimeshakuwa mzee wa kuitwa babu, na kuna mambo ambayo mtu akishafika umri huu hujua yametoka wapi. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, ambalo Nestor alilitengeneza mwaka ule ule ninaotaka kuusimulia, na nikaona nisipoliandika jambo hili nitaondoka nalo.

Nestor alikuwa mwenzangu wa darasa mjini. Kwao ni milimani. Alikuwa ameshuka Bujumbura kukaa kwa baba yake mdogo, seremala wa Cibitoke, na nyumbani kwao walizungumza Kirundi, shuleni Kifaransa, na Kiswahili alikuwa anakiokota njiani kama watu wanavyookota kuni, kijiti hapa na kijiti pale. Sitaandika alikuwa kabila gani kwa hesabu za wakati ule. Mama hakumwuliza hata siku moja, nami nitafuata adabu yake. Cibitoke ilipovunjwa na mapigano, watu wakatawanyika ndani ya siku mbili na yule baba mdogo hakuonekana tena. Nestor akaja kwetu mchana kweupe, amevaa viatu viwili visivyofanana, na kwapani ameshika msumeno uliofungwa katika shuka. Mama alikuwa uani anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, pamoja na Mama Furaha, mwanamke wa Uvira aliyepanga chumba kwetu, ambaye alizipeleka ndagala hizo sokoni kila asubuhi ambayo soko lilithubutu kufunguliwa. Yeye ndiye aliyemwona kwanza.

"Mama Hamisi," alisema, "muko na mugeni."

Mama aliinua uso, akamtazama Nestor kuanzia viatu hadi msumeno. "Apana," alisema. "Uyu si mugeni. Mugeni anarudiaka kwao. Uyu atarudi wapi? Uyu ni mutoto. Na neno ile sitaki kuisikia tena mu nyumba yangu, Mama Furaha, unanisikia?"

"Nimesikia, mama. Usinikule."

"We, Nestor. Unakulaka ndagala?"

"Ninakula, mama."

"Basi kaa chini, uchambue. Zenye vichwa vizuri weka huku, zenye zimevunjika ni za kwetu."

Kwa hiyo ndivyo alivyoingia nyumbani kwetu, kwa kuchambua ndagala. Na neno mgeni kweli lilikatika mle ndani. Mama akimsikia jirani analitaja alimkata kauli, na Mama Furaha alijifanya kulimeza kila lilipomjia mdomoni, akiziba kinywa kwa kiganja na kuvimbisha mashavu ili tucheke. Hata hivyo neno lenyewe halikuwa na kazi mwaka ule. Watu hawakutembeleana. Jioni ilikuwa na amri ya kutotoka, mchana ulikuwa na siku za mji kufa, ambapo vijana walizuia njia kwa mawe na matairi na hakuna aliyevuka mtaa. Sahani tulizoziweka kwa ajili ya watu wa kuja, zile zenye maua ya bluu pembeni, zilikaa kabatini zikipata vumbi. Nayasema haya mapema kwa sababu bila kuyajua, kosa la Nestor litaonekana kama ujinga, na halikuwa ujinga.

Tuliishi naye chumba kimoja, mimi na yeye. Kulikuwa na kitanda kimoja na mkeka mmoja, tukabadilishana kila wiki, na dirisha tulikuwa tumeliziba kwa ubao tangu risasi ilipovunja kioo cha jirani. Mwanga uliingia kupitia tundu za misumari tu, ukachora nukta ukutani, na Nestor alijua saa kwa nukta hizo. Wiki yake ya kwanza alitengeneza mlango wa mbele. Mlango ule ulikuwa unakwaruza sakafu tangu nikiwa mtoto, ukipiga kelele ambayo ilimfanya mama aamke na kushika kifua kila mtu alipotoka alfajiri. Nestor aliung'oa, akaupiga randa chini, akapaka bawaba mafuta ya mawese kwa kuwa mafuta mengine hayakupatikana. Mama aliufungua na kuufunga mara tano au sita. "Eh," alisema. "Mulango imenyamaza." Wiki ya pili alitengeneza benchi. Mimi nilimsaidia kushika mbao, nikajifunza kwamba sina mkono wa useremala, nikacheka, naye akacheka, na nasema kwa haki kabisa kwamba miezi ile ya mwanzo nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Habari ya nafasi ililetwa na Mwalimu Issa. Alikuwa mtu wa zamani wa mji huu, aliyesomea Tanganyika, na wakati shule zilipolala alianza kutufundisha vijana sita au saba katika chumba cha nyuma cha duka la mafundi nguo, saa nane mchana, ili tufike makwetu jua likiwa bado juu. Siku moja alituambia kwamba mkuu wa shule moja ya bweni upande wa Kigoma, rafiki yake wa ujanani, amekubali kumpokea mwanafunzi mmoja kutoka Bujumbura. Mmoja tu. Kiingereza wangemfundisha huko huko, lakini alitaka kwanza aone insha ya Kiswahili ya kurasa mbili, iliyoandikwa juu ya dhamira ya hadithi fupi, ili ajue hapokei mtu atakayekaa darasani kama jiwe. Wenzetu wengine walikuwa na mama zao wasiotaka wavuke mpaka, au hawakutaka wenyewe. Tukabaki mimi na Nestor.

Nestor aliinua mkono. "Mwalimu, dhamira ni thème?"

"Ni hiyo hiyo. Hadithi ni kile kilichotokea. Dhamira ni kwa nini kinakuuma." Mwalimu aliandika neno ubaoni, akalipigia mstari herufi ya mwisho. "Na muandike dhamira, kwa a. Si dhamiri kwa i. Dhamiri ni kitu kingine, hakiulizwi kwenye mtihani."

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, ili nionekane nimeelewa.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kurasa mbili, imepigwa taipureta, haina jina la mwandishi. Iliitwa "Sahani ya Mgeni." Ilihusu mwanamke mjane aliyekaa na mwanawe. Kila siku mwanamke huyo alipakua chakula sahani tatu, yake, ya mwanawe, na ya mgeni. Mgeni hakuja. Majirani walimcheka, mwanawe alinung'unika kwamba wanalala njaa na chakula kinapoa bure, lakini mama alijibu kila mara kuwa mgeni akija asikute nyumba imemsahau. Ikapita miaka. Siku moja unga ulikuwa mchache mno, mama akapakua sahani mbili tu, na siku hiyo hiyo mgeni akabisha hodi. Mama akampa sahani yake mwenyewe, akakaa kumtazama akila, na hadithi ikaishia hapo. Lugha yetu, kama Kirundi, haisemi mtu ni mwanamume au mwanamke pale inaposema "alikuja, akala." Katika kurasa zile mbili hapakuwa na neno hata moja la kumwonyesha msomaji kama yule aliyebisha hodi alikuwa bwana au bibi.

Siku ya pili yake nilikuwa chumbani nimelala kwenye mkeka, zamu ya mkeka ilikuwa yangu, na mama na Mama Furaha walikuwa nje ya dirisha wakitwanga sombe, majani ya muhogo. Ubao ule uliozuia risasi haukuzuia maneno.

"Ni nani ataenda?" aliuliza Mama Furaha.

"Mwenye Mungu atachagua."

"Mungu iko na kazi mingi, mama. Sema we."

Kinu kilisimama. "Mi ningeomba aende Nestor," mama alisema. "Wangu iko na mama. Ule iko na nani? Akitoka pale mu njia bakamuuliza jina, atajibu nini? Wangu, hata mambo ikiwa mubaya, mi nitamulalia juu."

"Ni kweli."

"Ni kweli, lakini usimwambie."

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi sana maishani, na leo nayasikia kama yalivyokuwa. Yalikuwa ni maneno ya mwanamke aliye tayari kunifunika kwa mwili wake, na ambaye kwa hiyo hakuona haja ya kunipeleka mbali. Lakini kijana wa miaka ishirini na miwili aliyelala kwenye mkeka ndani ya nyumba ya mama yake mwenyewe, huku kitanda kikiwa cha mwingine wiki hiyo, aliyasikia vingine. Nilisikia kwamba mama amemchagua Nestor. Nikageuka upande wa ukuta. Mchana ule tulikula ugali na sombe lile lile lililotwangwa wakati nikisikiliza, na Nestor akasema, "Mama, hii ni nzuri sana," na mimi nikaona kwamba hata mimi sijawahi kumwambia hivyo, na badala ya kumwambia, nikamchukia aliyesema.

Nestor aliniletea karatasi yake siku mbili baadaye. Alikuwa ameiandika upya kwa mwandiko wa shule, ule wa mviringo tuliofundishwa na masista, akakaa kwenye benchi lake mwenyewe akinitazama nikisoma. Nilifika sentensi ya tatu nikaelewa. Kwa Kirundi umugeni ni bibi harusi. Nestor alikuwa amesoma hadithi nzima ya mjane anayeandaa sahani kwa ajili ya mke wa mwanawe, mke ambaye bado hajaposwa wala hajulikani atatoka kilima gani, na siku anapofika nyumba haina kitu. Kila tukio lilikaa vizuri mahali pake, kwa kuwa kwa mila ya kwao mama kumngoja mkwe ni jambo la kawaida kabisa, na kumngoja mpita njia kila siku kwa miaka ni jambo la ajabu. Nilipumua puani, kicheko kidogo kilichonitoka kabla sijakizuia.

"Unacheka nini?" aliuliza.

"Mwandiko wako. Unaandika kama sista."

"Achana na mwandiko. Maneno?"

Niliendelea kusoma, na nitaandika hapa kipande ninachokikumbuka, kwa maneno yake, maana nilikuja kukiona tena. "Mgeni anaacha kwao yote anakuja kwa watu wenye hawajui. Watu wanafikiri amekuja kula. Apana. Mgeni hakuje kula, mgeni anakuja kukaa. Siku ya kwanza anakula kwa sahani, siku ya pili anaosha sahani, siku ya tatu yeye ndio anauliza wengine kama wameshiba. Dhamira ya hadithi hii ni kama nyumba haiko ya mwenye kuzaliwa ndani, nyumba ni ya mwenye kubaki."

Sarufi ilikuwa na makosa. Niliyasahihisha. "Hakuje" nikaifanya "haji." "Wenye hawajui" nikaifanya "asiowajua." Nilifanya kazi safi, kalamu ikipita mstari kwa mstari, na kila nilipofika kwenye neno mgeni niliruka, kama mtu anayekwepa kukanyaga kitu sakafuni. Lilikuwepo pengine mara ishirini. Ningeweza kusema wakati wowote. Ilihitaji pumzi moja tu: Nestor, kwa Kiswahili mgeni ni umushitsi. Angepiga paji la uso, angecheka hadi machozi, angeandika nyingine kwa siku moja, na ingekuwa bora kuliko yangu. Nililijua hilo pia. Yangu ilikuwa imeanza, "Dhamira ya hadithi hii ni ukarimu," na kufikia ukurasa wa pili ilikuwa bado inasema dhamira ya hadithi hii ni ukarimu.

"Iko sawa?" aliuliza.

"Iko sawa," nilisema. "Peleka."

Mwalimu Issa alitusomea matokeo wiki iliyofuata, wenzetu wote wakiwepo. Yangu ilikuwa imejibu swali. Ya Nestor aliishika muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena. Alikuwa ameandika juu kwa wino mwekundu, nami niliona Nestor alipoipokea: "Insha nzuri sana ya hadithi nyingine." Kisha alimweleza mbele ya watu, kwa upole, mgeni ni nani kwa Kiswahili. Darasa liliangua kicheko. Mmoja akasema, "Nestor, nani amekuoa?" na mwingine akapiga kigelegele cha harusi hadi mafundi nguo wakachungulia mlangoni. Nestor alicheka pamoja nao. Mwalimu pekee hakucheka, alinitazama mimi, na swali likampita usoni likaondoka. Nadhani aliona aibu kwa niaba yangu, akaamua kuliita kosa langu uzembe tu.

Tulirudi nyumbani tukitembea mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu kando ya njia palikuwa na mtaro na wanajeshi wamekaa upande wa kivuli. Tulipofika mlangoni, mlango wake ulionyamaza, Nestor aliushika asiufungue.

"Hukuisoma yote, eh?" alisema. "Ulikuwa umechoka siku ile."

Alikuwa ananipa mahali pa kutokea. Aliutengeneza mlango ule pia, akanifungulia, nami nikapita. "Sikuisoma yote," nilisema. "Nisamehe, ndugu yangu." Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Siku ya kuondoka mama alinifungia ndagala na unga wa muhogo. Alikuwa amekaa kwenye benchi, anafunga fundo, hanitazami. "Hamisi. We ulisoma karatasi ya mwenzako?"

"Nilisoma, mama."

"Yote?"

Niliinama kufunga kamba za viatu. Alikaza fundo, akalikaza tena. "Fika salama," alisema. "Ukifika, andika." Nestor alibeba begi langu hadi kwenye gari lililokuwa linakwenda upande wa kusini kando ya ziwa, akalipandisha juu mwenyewe, akalifunga kwa kamba kwa namna ambayo halingeweza kuanguka.

Mwaka uliofuata mipaka ilifungwa, na kwa muda nilikuwa na sababu. Kisha ikafunguliwa, na nikawa na sababu nyingine: mitihani, halafu kazi ya karani bandarini, halafu mke, halafu mtoto mwenye homa. Watu wa Jabe walivuka wakarudi, akina mama wa Uvira walivuka na vikapu vyao kila wiki, mizinga ikilia milimani na wao wakiuza. Mimi sikuvuka. Niliandika barua, nikatuma sabuni na sukari kwa mkono wa watu, na katika kila barua niliandika "msalimie Nestor," na katika kila jibu, kwa mwandiko ule wa mviringo wa masista, kwa kuwa mama hakujua kuandika, nilisoma habari za mama zilizoandikwa na Nestor. Mama ameumwa miguu lakini sasa anatembea. Mama amesema paa limevuja, tumelitengeneza. Mama anasema ule. Kiswahili chake kilinyooka mwaka hadi mwaka, hadi kikanyooka kuliko changu. Sikuogopa vita. Ninasema hivi kwa kuwa nimewahi kuwaambia watoto wangu kwamba ilikuwa vita. Nilikuwa naogopa kukaa kwenye benchi lile na kutazamwa na watu wawili ambao walijua.

Nilirudi baada ya miaka kumi, vita vilipoisha. Nilifika adhuhuri. Mama alikuwa amepungua, amekuwa mwepesi kama kapu tupu, alinikumbatia akalia, akanishika mashavu, akamshukuru Mungu kwa sauti hadi majirani wakaja. Nilikuwa na furaha, sitaki mtu afikiri sikuwa na furaha. Kisha chakula kikaiva. Mama Furaha, mvi kichwani, alikuwa anapakua uani, na Nestor, ambaye tayari alikuwa na karakana yake Cibitoke lakini alikula kwa mama kila siku ya kazi, alikaa chini karibu na miguu ya mama, pale pale alipokuwa akichambulia ndagala, akichukua kutoka sahani moja naye. Nikaanza kuchuchumaa pembeni yao. Mama akanyoosha mkono kunizuia.

"Apana, mwanangu, usikae chini, utachafua nguo. Nenda mu salon." Akamgeukia Mama Furaha. "Leta ile sahani ya maua. Anza na mugeni."

Mama Furaha alisita, mwiko ukiwa hewani. Hakuziba mdomo wala kuvimbisha mashavu. Alikwenda kabatini akaileta. Sijui, na sitajua tena, kama mama alilichagua neno lile. Nadhani hakulichagua. Nadhani lilimtoka tu kwa sababu ndilo lililokuwa sahihi. Nilikaa ukumbini peke yangu nikala kwenye sahani ya maua ya bluu, nyama kubwa zote zikiwa zangu, na kutoka uani nikawasikia wakizungumza juu ya bawaba, na bei ya mkaa, na mtu fulani aliyeoa, mazungumzo ya watu ambao hawana haja ya kumaliza sentensi. Nestor ndiye aliyechungulia mlangoni kuniuliza kama nimeshiba.

Nimekwenda Jabe mara kadhaa tangu hapo, na mara zote nilipewa sahani ile. Mwezi uliopita, siku ya tatu ya msiba, watu walipokwisha kusoma na kuondoka, Nestor alitoa mkebe wa chai uliokuwa chini ya kitanda cha mama. Ndani palikuwa na barua zangu, na chini ya barua palikuwa na karatasi mbili zenye wino mwekundu juu.

"Alikuwa ananiambia nimsomee," alisema. "Siku za mji kufa, tukiwa tumefungiwa. Alisema ni hadithi yake anayoipenda."

"Ulijua," nilisema. "Wakati ule, kwamba niliisoma yote."

"Ulisahihisha hadi mstari wa mwisho, Hamisi. Mtu anasahihishaje asichokisoma?" Alitabasamu. "Unajua siku ile ya kwanza, Mama Furaha aliponiita mugeni, nilifikiri ananitukana? Kwamba nimekuja na shuka langu kama bibi harusi. Na mama alivyomkemea, nikasema basi, kweli ni matusi. Sikuthubutu kumwuliza mtu." Alizikunja zile karatasi mahali zilipozoea kukunjwa. "Nilikuwa na hasira labda hadi mvua za mwaka ule. Halafu paa likavuja, na hukuwepo. Mtu hawezi kukasirika juu ya paa, anaanguka."

Nilimwomba msamaha, safari hii kwa kosa lenyewe. Alikubali upesi, kama mtu anayepokea kitu alichokwisha kukinunua zamani. Hakuniuliza nilipata nini kule. Nitamjibu hapa. Nilipata cheti cha sekondari, meza ya karani, nyumba yenye umeme, na miaka mingi ya usalama ambayo wengi wa darasa letu hawakuipata. Siku ile kwenye mkeka nilikuwa na mama, yeye mwenyewe alisema hivyo dirishani, na Nestor hakuwa na mtu. Nilimnyima neno moja, kisha nikaona haya kurudi, na katika miaka niliyoona haya mama yangu akawa mama yake. Alikufa ameshika mkono wa Nestor. Mimi niliitwa kwa simu, nikafika amekwisha kuvikwa sanda, na walinikaribisha vizuri.